Maharage hayasindikwi kwa maji ya kuchemka: jibu kwa dada wa Iowa

Swali: "Mwaka huu tumehamia nyumba ya shamba kaskazini-magharibi mwa Iowa, Marekani. Tuna watoto wanne. Bustani imetushangaza: nyanya, maharage machanga, lengalenga, maboga na viazi, vyote vimekuja kwa pamoja, na kila mtu anatuambia baridi ikianza ni mpaka Aprili. Mzee jirani yetu ametupa makasha mawili ya chupa na sufuria kubwa. Anasema maharage niyapange kwenye chupa nichemshe kwa saa tatu, ndivyo mama yake alivyofanya. Mamkwe wangu, kwa simu kutoka Kigoma, anasema nyanya nizichemshe kisha nimwagie mafuta juu. Mwingine kaniambia chakula cha chupa kinaua. Nianzie wapi?"

Dada yangu, hongera kwa mavuno. Naanza na lile lisiloweza kungoja: maharage usiyachemshe saa tatu. Wala saa sita, wala kutwa nzima. Kama umeshayafanya na chupa ziko rafuni, usifungue hata moja ili uonje. Cha kuzifanyia nitakueleza huko mbele. Nyanya ni habari nyingine, na hizo unaweza kuzianza wiki hii kwa sufuria yoyote yenye kina cha kutosha. Ukishaelewa kwa nini nyanya zinaruhusiwa na maharage yanakatazwa, utakuwa umeelewa karibu kila kitu katika kazi hii.

Kuna bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Anaishi kwenye udongo, wa Iowa na wa Kigoma vilevile, na yumo kwenye mboga unazochuma leo. Akiwa udongoni hujifunga ndani ya gamba gumu mfano wa mbegu, ambalo wataalamu huliita spora, na katika hali hiyo mtu mzima humla kila siku kwenye kachumbari bila kudhurika. Anapopata mahali pasipo na hewa, penye majimaji, pasipo na uchachu, na penye joto la kawaida la chumba, gamba hupasuka, naye huzaana na kutoa sumu. Sasa itazame chupa ya maharage iliyofungwa vizuri rafuni. Hewa imetolewa. Maji yamo. Uchachu hamna. Na rafu iko jikoni penye joto. Tumemwandalia kitanda.

Utasema, si nimechemsha? Umechemsha, na wadudu wengine wote wamekufa, wakiwemo wale ambao wangeiozesha chupa ikanuka ukajua. Spora haifi kwa maji ya kuchemka. Hustahimili saa nyingi. Ili kuiua kwa muda unaovumilika unahitaji joto la nyuzi 116 hadi 121 za Selsiasi, na maji kwenye sufuria ya wazi hayafiki huko hata uweke kuni za msitu mzima, kwa sababu moto ukizidi yanageuka mvuke tu. Pwani ya Dar es Salaam maji huchemka kwa nyuzi 100. Huko kwenu Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mita zaidi ya 770 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Nairobi ni karibu 94. Kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kabla ya kupata joto la kutosha, na hilo nitalirudia kwa sababu linakuhusu hapo ulipo.

Ndiyo maana muda hauwezi kulipia upungufu wa joto. Kinacholipia ni presha: mvuke ukibanwa ndani ya sufuria iliyofungwa, joto hupanda kupita lile la kuchemka. Au ni uchachu: chakula kikiwa chachu vya kutosha, spora haiamki kabisa, hivyo haina haja ya kuuawa. Mpaka umewekwa kwenye 4.6 ya pH, kipimo cha uchachu ambacho namba yake hushuka kadiri uchachu unavyozidi. Chini ya hapo, maji ya kuchemka yanatosha: matunda mengi, jemu, achari za siki, na nyanya zilizoongezwa asidi. Juu ya hapo ni presha peke yake: maharage ya aina zote, mahindi, mboga za majani, viazi, karoti, maboga, nyama, samaki, na supu zake zote.

Mzee jirani hakukudanganya. Njia ya saa tatu ilitumika sana vijijini Marekani, na wengi walikua wakiila. Lakini Idara ya Kilimo ya nchi hiyo ilishaelekeza mwaka 1917 kwamba vyakula visivyo vichachu visindikwe kwa presha tu, kwa hiyo mama yake alikuwa akifuata mazoea yaliyokwisha kukataliwa. Mtu anaweza kufanya hivyo miaka 40 bila tatizo, maana si kila chupa huwa na spora iliyoamka. Tatizo ni chupa ile moja. Mwaka 2015 mjini Lancaster, jimbo la Ohio, watu walikula pamoja kanisani, na kwenye meza kulikuwa na saladi ya viazi. Viazi vile vilikuwa vimesindikwa nyumbani kwa maji ya kuchemka badala ya presha. Watu 29 waliugua na mmoja akafariki. Chakula kilikuwa cha upendo, kimepikwa na mtu mwenye nia njema, kikaonekana kizuri mezani. Nawaambia hadithi hii wanafunzi wangu wote siku ya kwanza, nami sijaizoea bado.

Mamkwe naye usimbishie kwa ukali. Kule nyumbani chungu cha nyanya chenye mafuta juu huliwa ndani ya siku chache, na mafuta huzuia ukungu kweli. Lakini huzuia kwa kuifukuza hewa, na huyu tunayemwogopa hewa haihitaji. Wewe unataka chupa ikae miezi minane. Mwambie nyanya za mafuta umeziweka kwenye friji na mtazimaliza ndani ya wiki. Hutakuwa umesema uongo ukifanya hivyo kwa bakuli moja, na nyingine uzisindike kama nitakavyoeleza.

Sasa nenda kaitazame sufuria uliyopewa. Kama kifuniko chake ni cha kawaida, kinakaa tu juu, na ndani mna kichanja cha waya, hiyo ni ya kuchemshia chupa. Itakufaa kwa nyanya na jemu. Kama kifuniko kinajifunga kwa kabari au kwa kuzungushwa, kina tundu la mvuke, na juu kuna geji ya mshale au kitufe cha uzito, hiyo ni ya presha. Watu huzichanganya sana hizi mbili kwa kuwa zote ni kubwa na zote zinang'aa. Ile presha kuka ndogo ya kupikia makande isikushawishi: sufuria ya kusindikia inatakiwa kuwa na nafasi ya kusimamisha angalau chupa nne za lita, kwa sababu dakika zilizoandikwa kwenye miongozo zimepimwa kwa kuhesabu pia muda ambao sufuria kubwa inachukua kupata joto na kupoa. Ndogo hupoa upesi, na joto lile la mwisho linapotea. Majiko ya umeme ya presha yenye vitufe vingi nayo yaache yapike wali.

Tuanze na nyanya, maana ndizo zitakazokulisha.

Nyanya zina tabia ya kukaa mpakani kabisa. Nyingine ziko chini ya 4.6, nyingine juu kidogo, kulingana na mbegu, kuiva na hali ya mche, na kwa macho huwezi kuzitenganisha. Kwa hiyo kila chupa inaongezewa asidi, bila kubahatisha: vijiko viwili vya chakula vya maji ya limau kwa chupa ya lita, ile Wamarekani wanayoiita kwati, au kijiko kimoja kwa chupa ya nusu lita, wanayoiita painti. Tumia maji ya limau ya dukani, ya chupa, hata kama una malimau mabichi jikoni. Yale ya dukani uchachu wake umesawazishwa kiwandani. Limau la mtini hubadilika. Ukipenda unga wa asidi ya sitriki, ni nusu kijiko cha chai kwa lita na robo kwa nusu lita. Ukiona mchuzi umekuwa mkali, tia sukari kidogo, ila asidi usiipunguze.

Chagua nyanya ngumu, nzima, zilizoiva. Huko Iowa jalidi ya kwanza, yaani umande ulioganda kwa baridi, huja mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na hapa nakuomba uwe mkali: nyanya zilizobaki kwenye mche uliouawa na jalidi usizisindike. Uchachu wake unakuwa umepungua. Zile nzuri mle, au muweke kwenye friza. Za kusindika zitumbukize kwenye maji ya moto nusu dakika hadi dakika nzima, kisha kwenye maji baridi, maganda yatavuka yenyewe. Toa kikonyo, kata vipande vinne. Chukua sehemu moja ya sita uiweke kwenye moto mkali huku ukiiponda, ichemke, ndipo uongeze nyingine kidogo kidogo bila kuziponda tena. Zikishaingia zote ziache zichemke polepole dakika tano. Wakati huo chupa zako ziwe safi na za moto, na asidi imeshawekwa ndani, ili usije ukasahau. Mimi huzipanga mezani mstari mmoja na kuzitilia zote kwa mfululizo kabla sijagusa nyanya, kwa sababu nimewahi kufika katikati ya kazi nisijue ipi nimeitia na ipi bado, nikalazimika kuzimwaga zote sufuriani na kuanza upya.

Jaza ukiacha nafasi ya nusu inchi juu, yaani sentimita moja na robo. Pitisha kijiti cha plastiki pembeni kutoa mapovu. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa kilicholowa, maana punje moja ya nyanya ikibaki pale kifuniko hakitashika. Weka kifuniko kipya. Kile bapa chenye ukanda wa mpira hutumika mara moja tu, ila pete ya kukibana unaweza kuitumia miaka na miaka. Pete ikaze kwa ncha za vidole, usitumie nguvu za mkono mzima, kwa sababu hewa lazima itoke ndani wakati wa kuchemka. Zikipoa, ile hewa iliyotoka haina njia ya kurudi, kifuniko kinavutwa chini na chupa inajifunga.

Panga chupa juu ya kichanja, maji yazifunike kwa inchi moja au mbili, yakianza kuchemka kwa nguvu ndipo uhesabu. Chini ya futi 1,000, yaani mita 305 hivi, ni dakika 35 kwa nusu lita na 45 kwa lita. Lakini kaskazini-magharibi mwa Iowa ndiko jimbo linakoinuka. Kilele chake, Hawkeye Point, kiko huko huko, mita 509. Watu huiona Iowa ni tambarare, wakadhani suala la mwinuko ni la watu wa milimani. Tafuta mwinuko wa mji wenu. Ukipita futi 1,000, nami nakisia mmepita, ongeza dakika tano: 40 kwa nusu lita, 50 kwa lita.

Kitunguu, kitunguu saumu, hoho na karoti vyote viache nje ya chupa hizi. Kila kimoja kinapunguza uchachu ambao umetoka kuupima. Kaanga kitunguu chako Januari, fungua chupa, umimine.

Maharage machanga sasa. Kwa sufuria ya presha kazi yake ni fupi kuliko ya jirani: dakika 20 kwa nusu lita, 25 kwa lita, baada ya presha kupanda. Kata vipande, yashindilie mabichi kwenye chupa za moto, mimina maji yanayochemka ukiacha inchi nzima juu, na chumvi ukitaka. Ndani ya sufuria weka maji ya moto ya inchi mbili au tatu tu. Hapa chupa hazifunikwi na maji. Funga kifuniko, washa moto, na mvuke ukianza kutoka kwa kasi uache utoke dakika 10 kamili kabla ya kuweka kitufe. Hatua hii watu huiruka kwa haraka zao, nami naiona ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu haionyeshi kosa lolote. Hewa iliyobaki ndani inachanganyika na mvuke, geji inasoma sawasawa, lakini joto liko chini ya lile unalodhani.

Kwa kitufe cha uzito tumia paundi 10 za presha ukiwa chini ya futi 1,000, na 15 ukipita hapo. Kwa geji ya mshale ni paundi 11 mpaka futi 2,000. Presha ikishuka chini ya kipimo hata kwa dakika moja, irudishe na uanze kuhesabu tangu mwanzo. Dakika zikiisha zima jiko uondoke. Sisi tuliokua na presha kuka tumezoea kuimwagia maji ya bomba ipoe. Usithubutu na hii, kwani chupa zitapasuka au zitamwaga maji yake, na lile joto la kupoa limehesabiwa. Presha ikifika sifuri yenyewe, toa kitufe, ngoja dakika 10, kisha fungua kifuniko ukikiinua upande wa mbali na uso wako.

Kabla ya yote hayo, ichukue ile sufuria, au kifuniko chake tu, uende ofisi ya ugani ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa katika kaunti yenu. Chuo hicho kinahudumia kaunti zote 99 za jimbo. Waulize kama wanapima geji za aina hiyo. Geji ya mshale inapaswa kupimwa kila mwaka, na hiyo ya mzee huenda haijapimwa tangu watoto wake walipohama. Mpira wa kifuniko nao ukiwa mkavu wenye nyufa, ununue mpya. Kama wenyewe hawapimi, watakuambia nani anapima. Kiingereza chako kikikusumbua, nenda na mtoto mkubwa. Maofisa ugani kazi yao ndiyo hiyo, na hutakuwa unamsumbua mtu.

Hapa nataka nikupunguzie kazi. Wageni wengi wakishapata chupa wanataka kutia kila kitu humo, na nusu ya vitu hivyo havihitaji chupa.

Lengalenga lako ni mfano mzuri. Kujaza chupa saba za lita kunahitaji karibu kilo 13 za majani, na baada ya dakika 90 za presha unapata kitu laini chenye rangi ya kijani iliyochoka. Friza inalihifadhi vizuri mara kumi. Chemsha maji, tumbukiza majani dakika mbili, yatoe uyatie kwenye maji ya barafu, kamua, funga mafungu ya mlo mmoja mmoja, bana hewa yote itoke, weka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Matembele na majani ya maboga ni vivyo hivyo. Au yakaushe kama wanavyokausha kunde nyumbani, ila usitegemee jua la Iowa. Hewa ya Agosti kule ni nzito kwa unyevu na majani yataota ukungu kabla hayajakauka. Tumia kikaushio cha umeme kwenye nyuzi 52 hadi 60, mpaka jani livunjike kwa sauti.

Viazi vya mviringo usivitie kwenye chupa. Nyumba ya shamba ya zamani haikosi chumba cha chini ya ardhi, nacho ndicho stoo yako kubwa kuliko rafu yoyote. Viache viazi wiki mbili mahali penye giza na ubaridi wa wastani ngozi ikomae, kisha vishushe kwenye kona baridi zaidi, karibu nyuzi 4, palipo giza na unyevunyevu. Matofaa yasikae chumba kimoja navyo, kwani hutoa hewa inayoviamsha vikachipua. Vitunguu vinataka ubaridi lakini ukavu, kwa hiyo vining'inize mbali na viazi. Karoti zipange kwenye ndoo ya mchanga wenye unyevu. Maboga ni tofauti: yaache siku kumi kwenye joto la nyuzi 27 au 28 ganda ligumu, halafu yapange yasigusane, mahali pakavu penye nyuzi 10 hadi 13. Yatawafikisha Krismasi na kupita. Boga likianza kulainika, lipikeni, na linalobaki mlisage mliweke friza. Boga lililopondwa halisindikwi kwa chupa hata kwa presha, kwa kuwa rojo nzito haipitishi joto mpaka katikati. La chupa likatwe vipande vya inchi moja, presha dakika 55 kwa nusu lita na 90 kwa lita.

Mwakani ukipanda viazi vitamu, kumbuka vinachukia baridi kama sisi. Viweke kwenye joto la nyuzi 27 hadi 29 siku kadhaa baada ya kuvuna, kisha kwenye nyuzi 13 hadi 16, kamwe si friji.

Maharage makavu hukaa kwenye ndoo yenye kifuniko mwaka mzima bila gharama. Hata hivyo naelewa mama anayerudi kazini saa kumi na mbili jioni giza limeingia, nje theluji, watoto wana njaa. Kwa ajili ya jioni hizo sindika makasha mawili: loweka usiku kucha, chemsha nusu saa, jaza chupa ukiacha inchi moja, presha dakika 75 kwa nusu lita au 90 kwa lita. Nyama ya ng'ombe na kuku bila mifupa, vipande, muda ni huo huo. Tui la nazi, unga, siagi ya karanga na mchele visiingie kwenye chupa hata mara moja. Vinazuia joto, na hakuna dakika zilizopimwa kwa ajili yake. Tui utatia siku ya kupika.

Achari ya embe au ndimu ya mafuta, ile ya kwetu, ifanye kidogo, ikae friji. Kitunguu saumu kwenye mafuta usikiache mezani kabisa. Ni hadithi ile ile ya chakula kisicho kichachu kilichofungiwa hewa. Kabichi ukipenda uichachue kwa chumvi: vijiko vitatu vya chakula kwa paundi tano za kabichi iliyokatwakatwa, ishindilie mpaka maji yake yaifunike.

Umeuliza nianzie wapi. Anzia kwenye hesabu. Tangu mwanzo wa Oktoba mpaka mwisho wa Mei ni wiki 35. Familia ya watu sita ikifungua chupa ya lita ya nyanya mara mbili kwa wiki, ni chupa 70. Sufuria hubeba saba kwa mkupuo, na kila mkupuo unakula karibu kilo 10 za nyanya. Hiyo ni mikupuo kumi na kilo 100. Ukiona bustani haifiki huko, usihuzunike: sindika ulizo nazo kisha ununue kreti mbili tatu kwa wakulima mwishoni mwa Agosti, bei inapokuwa chini. Kwa maharage machanga, mkupuo wa chupa saba za lita hutaka kilo sita na nusu hivi. Fanya mikupuo miwili kwa siku, si sita. Uchovu ndio humfanya mtu aruke dakika 10 za mvuke.

Chupa zikitoka zisimamishe juu ya taulo, zisiguswe saa 12 hadi 24. Utasikia vifuniko vikilia "tik" kimoja kimoja; watoto wangu walikuwa wakizihesabu sauti hizo kitandani. Asubuhi bonyeza katikati ya kila kifuniko. Kisichobonyea kimeshika. Kinachopanda na kushuka, chupa hiyo iende friji muile ndani ya siku chache. Toa pete zote, osha chupa, andika chakula na tarehe, uziweke gizani pakavu, nyuzi 10 hadi 21. Pete ikibaki juu huficha kifuniko kilichoachia, nayo hushika kutu. Zisikae kwenye banda la nje: zikiganda, chakula hutanuka na kuinua kifuniko, na chupa nyingine hupasuka. Mimi majira yangu ya kwanza ya baridi nilipoteza rafu nzima hivyo. Kuleni kabla mwaka haujaisha.

Kila utakapofungua maharage, mboga au nyama, vimimine sufuriani vichemke dakika 10 kabla mtu hajaonja, na kwa mwinuko wenu 11. Sumu ile, tofauti na spora, huharibika kwa kuchemka. Hii ni kinga ya pili kwa chakula kilichosindikwa sawasawa, na hairekebishi kilichosindikwa vibaya. Chupa iliyovimba, inayovuja, inayotoa povu au harufu ngeni usiijaribu kuiokoa kwa moto. Na zile za saa tatu kama zipo, usizifungue hata zikionekana safi: zitie kwenye mfuko mzito, funga, weka kwenye pipa la taka lisilofikiwa na watoto wala mbwa. Kama mtu amekwisha kula chakula chenye shaka, kisha akaanza kuona vitu viwiliviwili, kope zikalegea, ulimi ukawa mzito, kumeza kukawa taabu, msingoje asubuhi. Mara nyingi huanza saa 12 hadi 36 baada ya kula, bila homa, ndiyo maana watu hudhani ni uchovu. Mpelekeni hospitali, mseme wazi kuwa amekula chakula kilichosindikwa nyumbani, maana dawa ya kuizuia sumu ipo na hufaa zaidi ikitolewa mapema.

Maharage yaliyoiva sasa hivi bustanini, wakati sufuria inangoja kupimwa, yatumbukize kwenye maji ya moto dakika tatu uyaweke friza. Nyanya anza Jumamosi, chupa saba tu. Na mzee jirani mpelekee moja ya hizo saba, umshukuru kwa makasha, umweleze taratibu kwa nini maharage yake mwaka huu yanangoja presha. Huenda bado anazo chupa za namna ile kwenye rafu yake.